Chombo Kikitoa Joto la Ziada, Kitengenezee Pacha

Kwa siku tisa niliamini kwamba juu ya meza yangu kulikuwa na chombo kinachotoa joto zaidi ya lile ambalo umeme niliokuwa nikikilisha ungeweza kutoa. Si kidogo: asilimia 47 zaidi ya nilivyotarajia. Usiku niliamka mara mbili tatu kwenda kusoma kipimajoto kwa tochi, na kila mara namba ilikuwa palepale. Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote anayetaka kujaribu jambo la namna hii nyumbani kwake, kwa sababu njia niliyopita wameipita wengi, na shimo nililotumbukia halina alama.

Dai lenyewe lina historia. Tarehe 23 Machi 1989, wanakemia Martin Fleischmann na Stanley Pons walitangaza katika Chuo Kikuu cha Utah kwamba walipopitisha umeme kwenye maji mazito, yaani yenye haidrojeni nzito kuliko ya kawaida, kwa elektrodi (kipande cha kupitishia umeme majini) ya metali ya paladiamu, walipata joto ambalo kemia haiwezi kulieleza. Wakasema viini vya atomu vinaungana katika joto la kawaida. Maabara nyingi zilirudia jaribio na hazikuona kitu, na Novemba ya mwaka huohuo jopo la Wizara ya Nishati ya Marekani likaona ushahidi haushawishi. Mwaka 2019 watafiti waliofadhiliwa na Google waliandika katika jarida la Nature kwamba baada ya kazi ya miaka kadhaa hawakupata ushahidi. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 dai hilo lina mdogo wake: maji ya kawaida, elektrodi ya nikeli na chumvi iitwayo kaboneti ya potasiamu. Hili ndilo linalowavuta watu wa mezani kama mimi, maana halihitaji paladiamu wala maji mazito.

Sikubaliani na wanaosema jambo hili halifai hata kuguswa. Dai linaloweza kupimwa kwa chupa ya chai na kipimajoto lina haki ya kupimwa. Ila lipimwe kwelikweli.

Nilichukua chupa ndogo ya chai, ile yenye kuta mbili inayotunza joto, nikaweka mililita 200 za maji yaliyotiwa kaboneti ya potasiamu, elektrodi mbili, na kizibo chenye mrija mwembamba wa kutolea gesi. Chupa niliitumbukiza hadi shingoni kwenye ndoo kubwa ya maji, ili mabadiliko ya joto la chumba yasiniyumbishe. Halafu umeme: ampea 0.1 kwa volti 2.5, kutoka kwenye chanzo kisichoyumba. Nilianza kwa kuipima chupa yenyewe: nikaweka maji ya vuguvugu na kuangalia yanavyopoa, ili nijue chupa inapoteza wati ngapi kwa kila nyuzi moja ya tofauti na ndoo.

Sasa hesabu, na naomba uvumilie hapa kwa sababu jambo lote limo humu. Volti 2.5 mara ampea 0.1 ni wati 0.25. Lakini si zote zinazogeuka joto. Umeme unapoyapasua maji, sehemu ya nishati hubaki ndani ya haidrojeni na oksijeni na kutoka nazo kupitia mrija. Kila ampea inayopasua maji huondoka na wati 1.48 kwa njia hiyo. Kwa ampea 0.1 ni wati 0.148. Toa kwenye 0.25, unabaki na wati 0.102. Hilo ndilo joto nililotarajia. Nilichopima ni wati 0.15.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilimpigia simu rafiki yangu mmoja, na sote wawili tulikaa kimya kwenye simu.

Yeye ndiye aliyesema: tengeneza pacha. Chupa ya aina ileile, maji yaleyale, chumvi ileile, elektrodi zilezile zimekaa tu bila umeme, mrija uleule, ndani ya ndoo ileile. Tofauti moja tu: joto la pacha linatoka kwenye rezista, kijikifaa kinachogeuza umeme wote kuwa joto, iliyofunikwa isiguse maji. Rezista haina siri. Ukiipa wati 0.10, inatoa wati 0.10 za joto, basi.

Nilitengeneza pacha nikiwa na hofu kwamba ziada yangu itayeyuka. Haikuyeyuka. Pacha alipopewa wati 0.10 alipanda nyuzi 2.0 juu ya ndoo, alipopewa 0.15 akapanda nyuzi 3.0. Chombo changu kilikuwa kimesimama kwenye nyuzi 3.0. Nilibadilishana vipimajoto, cha huku kikaenda kule, nikapata jibu lilelile. Nilipima karibu na uso wa maji na chini kabisa, kwa sababu mapovu huyakoroga maji ya chombo ilhali pacha hana mapovu. Nathan Lewis, mwanakemia wa chuo kikuu cha Caltech huko Marekani, aliikosoa kazi ya Utah kwa hoja inayofanana na hiyo: maji yasiyokorogwa vizuri yanaweza kuwa na joto zaidi mahali fulani, na kipimajoto kikikaa hapo kinakupotosha. Kwangu tofauti ya juu na chini haikufika hata sehemu ya kumi ya nyuzi.

Kwa hiyo joto lilikuwa la kweli. Hapo ndipo watu wengi husimama na kutangaza, na nakiri nilitamani sana kusimama.

Kilichokuwa hakijapimwa ni ile 0.148. Nilikuwa nimeikopa kwenye kanuni na kuitoa kwenye hesabu kana kwamba nimeiona ikitoka mlangoni. Kanuni ile ni sahihi kama kila kipande cha gesi kimeondoka. Lakini je, kama baadhi ya oksijeni inayeyuka kwenye maji, inafika kwenye elektrodi ya upande wa pili na kurudi kuwa maji humohumo? Basi nishati yake haijaondoka. Imebaki ndani, imekuwa joto, nami naiita ziada.

Jibu linapatikana kwa mizani. Ampea 0.1 ikipita kwa siku tatu, na maji yote yaliyopasuliwa yakaondoka kama gesi, chombo kinapaswa kupungua gramu 2.42. Nilitumia mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Baada ya siku tatu chombo kilipungua gramu 1.95. Pacha naye alipungua gramu 0.30, naye hakupasua tone hata moja. Huo ni mvuke tu. Ondoa mvuke, zinabaki gramu 1.65. Yaani asilimia 68 tu ya gesi ndiyo iliyotoka. Rudi kwenye hesabu: asilimia 68 ya wati 0.148 ni wati 0.10. Toa kwenye 0.25. Wati 0.15.

Niliikagua hesabu ile mara nne. Ilinichoma moyo, halafu taratibu ikanifurahisha kuliko ziada yenyewe, kwa sababu sasa kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake. Baadaye nikajua kwamba mwaka 1995 Steven Jones wa Chuo Kikuu cha Brigham Young na wenzake walichapisha jambo hilihili: katika vyombo vya aina hii, hasa kwenye mkondo mdogo wa umeme, gesi kurudi kuwa maji inaweza kueleza joto linaloripotiwa kuwa la ziada. Jones huyu si mtu aliyedharau wazo lenyewe. Mwaka 1989 yeye pia alikuwa akilitafiti.

Ukitaka kujaribu, jipe muda. Chupa yangu ilihitaji takriban siku nzima kabla ya joto kutulia kila nilipobadilisha kitu, na wiki ya kwanza nilitupa vipimo vingi kwa sababu nilisoma mapema mno. Tena andika kwenye daftari, kabla hujawasha umeme, namba gani itakufanya useme ndiyo na ipi itakufanya useme hapana. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mimi nilijikuta nasoma kipimajoto mara mbili pale tu kiliposhuka, na kilipopanda naandika mara moja bila swali. Kama dai unalolipima linatumia umeme wa kukatikakatika badala ya mkondo ulionyooka, usiiamini multimita (kifaa cha kupimia umeme) ya kawaida hata kidogo. Inaweza kukosea wati zinazoingia kwa kiasi kikubwa kuliko ziada yote unayoitafuta.

Na usalama, nakusihi. Usizibe chombo kamwe. Haidrojeni hushika moto ikiwa asilimia 4 tu ya hewa, na mchanganyiko wake na oksijeni kutoka kwenye chombo hiki hulipuka kwa cheche ndogo. Mrija utoke nje, dirisha liwe wazi, pasiwe na moto wala sigara, wala usikusanye gesi hiyo kwenye mfuko au chupa ili kuwaonyesha watu. Usitumie chumvi ya jikoni, inatoa klorini. Usitumie elektrodi za chuma cha pua, kinaweza kuachia kromiamu yenye sumu kwenye maji. Vaa miwani.

Rafiki yangu hajaridhika, na sababu yake ni ya haki: anasema ampea 0.1 ni kiwango kimoja tu cha umeme, tujaribu 0.02, ambako wanaodai huwa wanaona ziada kubwa zaidi. Tumekubaliana. Safari hii chupa zote mbili zimefungwa kitambaa cheusi, zimeandikwa A na B, na nyaya zinapita nyuma ya ubao. Yeye ndiye anayejua ipi ni chombo na ipi ni pacha. Mimi kazi yangu ni kusoma vipimajoto asubuhi na jioni, kupima uzito kila siku ya tatu, na kuandika. Leo ni siku ya sita. A iko nyuzi 0.6 juu ya ndoo, B iko nyuzi 0.5.