Maswali ya Wasomaji: Santuri za marehemu na sidii za kabatini

SWALI: Marehemu baba yetu ametuachia makasha manne ya santuri. Zimo kubwa, zimo ndogo, na kama thelathini hivi ni nzito, nyeusi, zimeota ukungu. Gramafoni ilishakufa siku nyingi. Mnunuzi wa chakavu anataka kuzibeba zote kwa mkupuo, na mama anasema zinajaza nyumba tu. Tumpe? — Binti wa marehemu, Tanga

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada. Msimpe bado. Katika makasha hayo, zile mbovu kwa macho ndizo huenda zikawa za thamani kuliko zote, na zenye majalada ya kupendeza ndizo rahisi kupatikana kwingine.

Zitengeni kwa ukubwa. Za inchi 12, mizunguko 33 kwa dakika, ni albamu. Zile za Ulaya na Marekani zilichapwa kwa wingi mno, hivyo msitegemee fedha nyingi. Za inchi 7, mizunguko 45, ziangalieni moja moja, kwa sababu ndizo zilizobeba dansi na taarabu ya kwetu miaka ya 1960 na 1970. Mkikuta Black Star au Lucky Star, vikundi vya Tanga hiyo hiyo yenu, au lebo ya Mzuri ya duka la Assanand la Mombasa, wekeni kando.

Zile nzito za inchi 10, mizunguko 78, zina dakika tatu hivi kila upande. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, sauti zao zilitoka kwenye santuri za namna hiyo. Enzi hizo studio hazikuwa na kanda: wimbo ulichorwa moja kwa moja kwenye nta, na kutokana na nta likafanywa bamba la chuma la kuchapia. Bamba likishapotea, wimbo umebaki kwenye santuri zilizomo majumbani mwa watu. Ndiyo maana tunakuomba usizipime kwa kilo.

Msizisafishe kwa spiriti. Santuri za 78 zimefanywa kwa shelaki, utomvu wa mdudu, ndugu wa lakiri ya kufungia barua, na spiriti huuyeyusha. Ukipitisha pamba yenye spiriti, mifereji ya sauti inakuwa utelezi mtupu na haitengenezeki tena. Ondoeni vumbi kwa brashi laini, kisha chukueni nusu lita ya maji yasiyo na chumvichumvi (yale ya kuongeza kwenye betri ya gari yanafaa, ila hakikisheni si asidi) na tone moja tu la sabuni ya vyombo. Futeni kwa kitambaa laini mkifuata mzunguko wa mifereji, bila kulowesha karatasi ya katikati, kisha suuzeni kwa maji yale yale yasiyo na sabuni. Zisimamisheni kivulini kwenye kichanja cha vyombo mpaka zikauke kabisa. Mkizianika juani, za plastiki (zile za 33 na 45) zitapinda. Mkizirudisha kwenye majalada zikiwa na unyevu, ukungu utarudi.

Halafu andikeni orodha: lebo, namba iliyo kwenye lebo, msanii, wimbo wa kila upande, hali yake. Andikeni pia herufi na namba zilizokwaruzwa kwenye ule ukingo laini unaozunguka lebo. Ziinamisheni kwenye mwanga wa dirisha mtaziona. Mnunuzi anayejua kazi yake huziuliza hizo kwanza. Kwa Nairobi, wauzaji wa santuri za zamani wapo Kenyatta Market. Mkipendelea zihifadhiwe, waandikieni chuo cha muziki cha DCMA kilichopo Zanzibar au Ketebul Music, shirika la muziki la Nairobi, mkiambatisha orodha na picha. Msipeleke kasha kabla hawajajibu.

Mkitaka kunakili kabla ya kuachana nazo, msipige 78 kwa sindano ya albamu. Sindano hiyo ina ncha ya milimita 0.018 hivi, ya 78 ina 0.076, kwa hiyo ile ndogo inazama hadi chini ya mfereji na kuokota mikwaruzo badala ya sauti. Kama mashine haina mwendo wa 78, wekeni sindano ya 78, rekodini kwa 45, kisha ongezeni kasi kwa asilimia 73.3 kwenye programu ya Audacity. Hifadhini kwa WAV, aina ya faili la sauti isiyobanwa. Kinyume chake nacho ni balaa: sindano ya chuma ya gramafoni ya kukoroga itachimba santuri ya plastiki mara ya kwanza tu.

Wakati wa kusafirisha, zisimame wima, zibanane bila kukazwa. Santuri za shelaki zikilazwa bila kuegemea sawasawa huvunjika kama sahani.

SWALI: Nina sidii na DVD karibu mia tatu. Nichome moto, au nizitundike shambani zifukuze ndege? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Usichome, moshi wa plastiki ni sumu kwako na kwa majirani. Shambani zinasaidia kwa muda, ndege wakizoea mng'ao wanarudi, na juani tabaka la alumini hubanduka likaanguka udongoni. Tundika chache, uzihamishe kila baada ya siku chache, na uzitoe zikianza kumenyeka.

Kabla ya hapo, geuza kila moja uitazame chini. Ya fedha tupu imechapwa kiwandani. Igawe au iuze. Yenye rangi ya samawati, kijani au dhahabu imerekodiwa kwa kompyuta, na huko ndiko hukaa harusi, hotuba za wazee na picha ambazo hazipo popote pengine. Rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo nakili hizo mwanzo. Sidii moja haizidi megabaiti 700 hivi, DVD ya kawaida gigabaiti 4.7, flashi ya gigabaiti 64 itabeba sidii zaidi ya themanini, lakini DVD zilizojaa kumi na tatu tu. Weka nakala sehemu mbili. Ikigoma kusomeka, ifute kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha kama santuri. Mkwaruzo wa chini mara nyingi hung'arishwa ukatoka. Wa upande wa maandishi umeshaharibu data, kwa kuwa data ya sidii imekaa hapo hapo chini ya lebo.

Kwa sababu hiyo, sidii yenye siri zako huharibiwa kwa kuikwaruza juu kwa msumari na kulibandua tabaka lake kwa utepe wa gundi. DVD haikubali hivyo, data yake iko katikati ya vipande viwili vilivyogandishwa. Itie ndani ya mfuko mnene kwanza, ndipo uikate kwa mkasi, kwani vigae vyake huruka machoni.

Zile mlizonakili mtaani, zenye nyimbo za watu, usiziuze. Hiyo ni haki ya wasanii. Makasha matupu ya plastiki wape wanaobandika picha au kuweka mbegu.