Jibu: Nitreti ya kisima cha Uyole, ni mbolea au choo?
Mdogo wangu, umeuliza kama nitreti (naitrojeni iliyoyeyuka majini) ya kisima chenu Uyole, Mbeya, inatoka kwenye mbolea ya mahindi au chooni. Usikimbilie kuilaumu urea. Pima na kloridi, chumvi iliyomo kwenye mkojo na kinyesi: zikipanda pamoja, choo au zizi huenda vina mkono wao. Ushahidi wenye nguvu zaidi ni isotopu, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, maana nitreti ya kinyesi huwa na naitrojeni-15, ile nzito, nyingi kuliko ya mbolea ya dukani. Chota sampuli kiangazi, urudie masika. Chupa zangu huzilaza kwenye barafu, bakteria wasije wakaila nitreti njiani.

Nitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita, tafadhali, mwenye kichanga asiyakorogee maziwa ya unga maji hayo. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapungua, nitreti inabaki.