Mgonjwa wa Akili Akiomba Faili Lake: Kwa Anayeanza Kazi ya Rekodi

Wewe unayeanza kazi ya rekodi hapa Nairobi, iwe katika hospitali ya rufaa au kliniki ya kaunti kule Eastlands, iko siku mgonjwa wa akili atafika kaunta na kusema, "Naomba kuona faili langu." Usimuulize analitakia nini. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema haki hiyo haiguswi na sababu anayoitoa mwombaji, wala na ile unayomdhania wewe. Nimeona swali hilo likimrudisha mtu nyumbani mikono mitupu. Aliyewahi kulazwa bila ridhaa yake hulisikia kama anaambiwa haaminiki.

Anayeweza kuandika aandike ombi. Asiyeweza, andika anavyosema, umsomee, umpe nakala. Tazama kitambulisho, kisha piga muhuri wa tarehe, maana siku zinahesabiwa: sheria ya 2016 inazipa taasisi za umma siku 21, na kanuni za 2021 za kulinda data zinataka siku 7, bila malipo. Mimi hufuata hizo 7.

Ugumu uko ndani ya faili lenyewe. Faili la malaria lina vipimo na dawa. Hili lina pia maneno ya watu: mke aliyeeleza usiku wa panga, jirani aliyepiga simu, nao walizungumza wakiamini hayatatoka. Hapo usiamue peke yako, na usifungie faili zima kwa ajili ya kurasa mbili. Mpelekee daktari anayemtibu atenge yanayowahusu wengine, yaliyobaki yatoke.

Sheria ya Afya ya 2017 nayo inaruhusu mgonjwa asielezwe hali yake penye ushahidi mzito tu kwamba kuelezwa ni kinyume na maslahi yake. Uzito huo hupimwa na mtabibu, kwa mgonjwa huyo, wakati huo. Kwamba anaugua akili si ushahidi. Hili lishike sana, kwa sababu utasikia wakubwa wako kazini wakisema kinyume.

Mwombe muuguzi akae naye anaposoma. Mtu akikuta ameandikwa "hautambui ugonjwa wake" bila kuelezwa daktari alimaanisha nini, ataumia bure. Akikuta kosa, tuseme ameandikiwa bangi naye hajawahi kuivuta, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kuomba lirekebishwe. Mpe karatasi aandike hapo hapo.

Mzazi wa mtu mzima akija peke yake, bila idhini ya maandishi wala uwakilishi wa kisheria, faili halitoki hata kama ndiye anayenunua dawa. Mwambie kwa upole, "Mama, njoo naye, tutawahudumia pamoja."

Na ombi likikataliwa, mgonjwa apewe sababu kwa maandishi, na barua hiyo hiyo imtajie ofisi ya Ombudsman na ya Kamishna wa Data, anakoweza kulalamika.