Kavunjika paja, mbona akili ndo imevurugika?

SWALI: Dokta shikamoo. Mdogo wangu kapata ajali ya bodaboda akavunjika paja, helmeti alivaa na kichwa hakikuguswa, siku ya kwanza tunapiga naye stori vizuri tu, kesho yake jioni akaanza kuongea visivyoeleweka, anataka kung'oa dripu, mara kalala hata kumwamsha shida. Sitiskani ya kichwa safi. Shangazi anasema karogwa, wengine wanasema arosto ya pombe. Sasa yuko aisiyu kwenye oksijeni. Mguu na akili vinahusiana vipi?
Dada mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba, pole sana. Kumpima kwa barua siwezi, ila hiyo ya kuwa mzima leo na kuvurugika kesho inanifanya niwaze mafuta ya uboho, ule ute wa ndani ya mfupa. Mfupa wa paja ukivunjika, presha ya ndani inasukuma matone ya mafuta kwenye mishipa ya damu, yanafika mapafuni, pumzi inabana, na mengine yanapenya mpaka ubongoni, au yanapitia kitundu cha moyoni ambacho karibu mtu mmoja kati ya wanne anacho na wala hajijui. Huko yanaziba vimishipa vidogo vidogo. Mara nyingi dalili zinatokea kati ya saa 24 na 72, na vijana ndo wanapatwa zaidi.

Sitiskani kuwa safi isiwachanganye, vidonda vya huko ubongoni ni vidogo mno, emarai, kile kipimo cha sumaku, ndo huvionyesha kama nyota zimetapakaa usiku. Muangalieni pia vidoti vyekundu kifuani, kwapani na ndani ya kope, kwa ngozi zetu nyeusi kwenye kope ndo vinaonekana vizuri, na havikai sana.

Hao wa arosto msiwabeze, nayo huja siku hizohizo, kwahiyo kama anakunywa mwambieni daktari ukweli wote, msimfichie aibu. La kurogwa mwachieni shangazi.

Dawa ya kuyeyusha hayo mafuta hakuna. Ni oksijeni, mashine ya kupumulia ikibidi, dripu, na mfupa utulizwe, akipata nafuu awekewe chuma. Wapo wanaofariki, sikufichi, ila wengi akili inarudi, kwa siku au wiki kadhaa, wengine kumbukumbu inasumbua muda mrefu kidogo. Ulizeni oksijeni yake imefika asilimia ngapi na chuma kinawekwa lini, na akitokea ndugu na mafuta ya kuchua huo mguu, mzuieni mlangoni.