Unataka Kushuti Filamu ya Mtaani? Anza kwa Wafilipino

Mdogo wangu mmoja wa Kilifi ameniandikia wiki hii: “Dada, nimesikia filamu yako imeonyeshwa ukumbini na watu wakajaa hadi mlangoni. Mimi pia nataka kushuti maisha ya mtaani. Nina simu, sina kamera. Nianzie wapi?” Nikamjibu aanze kwa Wafilipino. Akanirudishia emoji za kucheka.

Namuelewa. Mfilipino tunayemjua wengi wetu ni yule wa tamthilia: tajiri kapoteza kumbukumbu, mtoto kabadilishwa hospitalini, mama mkwe ana roho ya nyoka. Hata kwetu, The Promise ikianza, mchuzi uliungua na hakuna aliyeinuka. Lakini watu hao hao wana sinema nyingine kabisa, fupi fupi na dokumentari, za muuza duka, mfungwa mtoto, mgonjwa wa kijijini. Hiyo ndiyo iliyonifunza kazi, na nasema kwa kinywa kipana kwa sababu sikusomeshwa na mtu.

Niliikuta Muscat, Oman. Nilikuwa shaghala, mfanyakazi wa ndani, na nyumba ile ilikuwa na Mfilipino mmoja aliyenitangulia, mkubwa wangu kwa umri, sote tukimwita Ate, yaani dada mkubwa kwa lugha yao. Tukilala chumba kimoja. Vyombo vikiisha na madam akishapanda juu, Ate anatoa simu, anapunguza sauti, anafungua I-Witness, kipindi cha dokumentari cha GMA, televisheni ya kwao Ufilipino, kilichoanza 1999. Mimi namuegemea, yeye ananitafsiria kwa Kiingereza chetu kile cha jikoni.

Usiku mmoja akanionyesha “Ambulansiyang de Paa”, ya mwandishi wa habari Kara David. Kisiwani Mindoro kuna vijiji vya milimani ambako gari halifiki, basi mgonjwa analazwa kwenye machela ya kitambaa iliyofungwa kwenye mti wa kubebea, wanaume wanaibeba mabegani, wanateremka milima na kuvuka mito hadi wafike kwa daktari. Kipindi hicho kilishinda tuzo ya Peabody ya Marekani. Mimi tuzo sikuijua wakati huo. Nilichokiona ni kwamba huyu mama hakusimama pembeni kutueleza jinsi watu hawa wanavyoteseka. Alitembea nao. Kamera inatikisika kwa sababu anayeishika naye amechoka. Nikajiambia, kumbe hii kazi ni ya miguu!

Miaka yangu mingine ya Uarabuni naipita, haina utamu.

Niliporudi Mombasa nikaitafuta Sunday Beauty Queen, ya Baby Ruth Villarama, ya 2016. Hawa ni wafanyakazi wa ndani wa Kifilipino walioko Hong Kong. Sheria ya huko inamtaka mfanyakazi alale kwa mwajiri wake, na mkataba ukivunjika ana wiki mbili tu za kupata kazi nyingine au aondoke. Siku sita anasugua sakafu ya watu. Jumapili anavaa gauni la kumeta na taji, anashindana urembo. Filamu hiyo ilitangazwa filamu bora ya tamasha la Metro Manila mwaka ule, dokumentari ikazibwaga filamu za waigizaji wakubwa. Mimi niliyewahi kuishi kwa ruhusa ya kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, niliitazama nikicheka kwa sauti, na nilikuwa nimejiandaa kulia. Wale wanawake hawakuomba huruma ya mtu.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka, mdogo wangu. Tunashuti umaskini kama tunaomba mchango. Piano ya huzuni, mtoto analia, mtangazaji anauliza, “Unajisikiaje?” Anajisikiaje? Si umeona!

Tazama Chicken à la Carte ya Ferdinand Dimadura, ya 2005. Ni fupi, unaimaliza chai ikiwa bado ya moto. Wasichana wawili wanaingia mkahawani, wanakula kuku, wanabakisha. Mabaki yanakwenda kwenye pipa. Mtu anayachambua, anayapeleka kwao kwa baiskeli, watoto wanayakimbilia. Familia inakaa mezani na kabla ya kula inaomba dua. Unafuata kipande cha kuku tu, na mji mzima umeuona.

Au Bunso ya Ditsi Carolino, juu ya wavulana waliofungwa jela moja na watu wazima kule Cebu. Mwaka 2006 Ufilipino ikapitisha sheria mpya ya haki za watoto wakosaji, umri wa mtu kushtakiwa kwa jinai ukapanda kutoka miaka 9 hadi 15, na filamu hiyo ilikuwa imetumika katika kampeni ya kuidai. Kwa hiyo anayekwambia video haibadilishi kitu mwache aendelee na zake.

Na usidhani ni jela na njaa tu. Excuse Me, Miss, Miss, Miss ya Sonny Calvento inamhusu muuzaji wa duka kubwa mwenye mkataba wa muda. Kwao, mfanyakazi akimaliza miezi sita ya majaribio anakuwa wa kudumu, basi waajiri wengine wanamtoa mwezi wa tano kisha wanachukua mwingine. Wenyewe wanaiita endo. Calvento ameifanya kichekesho cha ajabu ajabu, na inachoma kuliko hotuba ya chama cha wafanyakazi.

Sasa yangu. Nilimshuti jirani yangu, bibi anayelea wajukuu, binti yake yuko Saudia. Mwisho wa mwezi anakwenda kwa wakala wa M-Pesa, anatoa pesa, anarudi kuzigawa juu ya mkeka: za shule, za dawa, za deni la dukani. Basi, ndiyo filamu. Waandaaji wa tamasha fulani waliirudisha, mmoja akaniuliza mbele ya watu, “Stori iko wapi?” Bado inaniuma, sitadanganya. Ukumbini kwetu kina mama walianza kuhesabu kwa sauti pamoja na bibi, na mmoja akapiga kelele, “Dawa kwanza, mama!” Stori walijua iliko.

Kwa hiyo chagua mtu mmoja, anayefanya kazi moja. Kaa naye mpaka akusahau. Kisha kaa tena. Simu yatosha, nunua kinasa sauti kidogo kabla hujaota kamera. Vipindi vingi vya I-Witness viko YouTube kwenye ukurasa wa GMA, tafuta vyenye maandishi ya Kiingereza chini, na utazame kila kimoja mara ya pili bila sauti ili uone kamera imesimama wapi.

Na kabla hujaionyesha kwa yeyote, mwonyeshe mwenyewe. Bibi aliniomba nikate pale anapotaja kiasi cha deni lake, kwa sababu mwenye duka naye angekuja kutazama. Nikakata. Mwenzangu mmoja wa fani hii ananilaumu hadi leo kwamba niliitoa sehemu tamu kuliko zote, nami namwambia akatafute bibi wake.