Barua kwa mwanangu: madirisha ya nyumba yetu ya Isevya

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku Tabora hatujambo, mvua zinaelekea ukingoni na miembe ya uani imetulia.

Umeniuliza kama utume hela tung'oe madirisha yote ya mbao tuweke ya aluminiamu ya kuslaidi, kama walivyofanya majirani. Umesema yanakwama, yanapitisha mbu na vumbi, na rangi imebanduka hadi nyumba inaonekana gofu. Jibu langu ni hapana, isipokuwa dirisha la jikoni. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujanipigia simu kubishana.

Madirisha yale ni mninga, tena kiini cha mti. Babu yako alipojenga, magogo makubwa yalikuwa bado yanatoka misitu ya Urambo na Sikonge, na mbao ziliachwa zikauke kabla fundi hajazigusa. Leo ukienda kununua mbao, nyingi ni mbichi, na mara nyingi ubao mmoja una kiini upande huu na ile sehemu nyeupe ya pembeni upande wa pili. Kiini mchwa hawakiwezi. Ile nyeupe wanaila. Na mninga haupandwi leo ukavunwa kesho kutwa kama msonobari. Mche wake ukiota porini, shina hukauka kila kiangazi, mizizi inabaki chini, mvua zikija unachipua tena, na hali hiyo huendelea miaka kadhaa mpaka mzizi uwe na nguvu ya kubeba mti. Mti wa kutoa ubao mpana ni wa miongo mingi. Sasa misitu yenyewe inafyekwa kwa mkaa na mashamba ya tumbaku. Tukiyatupa madirisha haya, mbao ya namna ile hatutaipata tena, hata ukituma hela mara mbili.

Nilipopata ujumbe wako nilimwita fundi seremala wa Ng'ambo, yule aliyetutengenezea kabati. Nilitaka kujua ukweli, maana mapenzi yangu kwa nyumba hii hayawezi kuwa sababu ya kukufanya utumie hela vibaya. Alipita dirisha moja moja na kisu chenye ncha kali, akichoma mbao. Pale rangi ilipobanduka, ambapo wewe ulidhani pameoza, kisu kiligoma kabisa. Kilizama sehemu mbili tu: mbao ya chini ya bawa (ile sehemu ya dirisha inayofunguka), kwenye pembe inapoungana na ya wima, na kizingiti cha yale madirisha mawili yanayopigwa na mvua. Akakwangua kidogo, na chini ya rangi mbao ikatokea nyekundu ya kahawia, ngumu, bado ina harufu yake.

Maji ndiyo yaliyoharibu hizo sehemu. Tulipopiga lipu upya, fundi wa wakati ule aliinua simenti juu ya kizingiti, maji yakawa yanarudi kwenye mbao badala ya kumwagikia nje. Kwa hiyo kabla ya kugusa mbao, simenti hiyo itachongwa ili iteremke kuelekea nje, na chini ya kizingiti cha mbao, upande wa nje, utachimbwa mfereji mwembamba. Mfereji huo ni mdogo, kidole hakiingii, lakini tone la maji likifika pale linaanguka chini, haliendelei kutambaa hadi ukutani. Bila hilo, hata ukiweka fremu mpya, tutazungumza habari hizihizi tena.

Kukwama nako kuna sababu zake. Rangi imepakwa juu ya rangi, koti kwa koti, mpaka bawa halina nafasi ndani ya fremu. Halafu vile vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa, juu na chini, hakuna aliyewahi kuvipaka kwa kuwa havionekani, na huko ndiko mbao inakokunywa maji. Ndiyo maana yanabana kuanzia Novemba mpaka Aprili, na kiangazi yanalegea. Usimruhusu mtu yeyote ayapige randa wakati wa mvua. Akipunguza mbao iliyovimba, Julai utaona mwanga unapita pembeni. Kazi hii ni ya kuanzia Juni.

Kiraka chenyewe fundi anakifanya hivi. Anakata sehemu iliyooza kwa mshazari hadi afike kwenye mbao nzima. Anachonga kipande cha mninga mkavu, nyuzi zake zikielekea upande uleule, anakigundisha kwa gundi isiyoyeyushwa na maji, anakibana kwa klampu hadi kesho yake, ndipo anapiga randa mpaka mkono ukipita usisikie maungio. Mbao kavu tunayo: kile kitanda kilichovunjika kipo stoo. Matundu ya skrubu yaliyolegea kwenye bawaba anayaziba kwa vijiti vyenye gundi, kisha anatoboa upya. Bawaba zitolewe kutu na kutiwa mafuta, zisibadilishwe, ni nzito kuliko za dukani sasa hivi.

Jambo moja nisisitize, kwa ajili ya wajukuu wangu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Nimemwambia fundi asikwangue rangi ikiwa kavu wala asiichome kwa moto. Atalowesha, atatumia msasa wa maji, atatandika turubai chini na kufunika pua na mdomo. Vumbi la mninga wenyewe nalo huwasha pua na kifua. Watoto msiwalete mpaka kazi iishe na nyumba ipigwe deki.

Aluminiamu siisemi vibaya. Mchwa hawaili, haivimbi, haidai rangi. Lakini dirisha la kuslaidi linafunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya mwenzake. Haya yetu yakifunguliwa yanafunguka yote, na wewe Oktoba ya Tabora unaijua. Tena fremu za zamani zimeshikwa kwa vyuma vilivyozikwa ukutani, ukizing'oa unabomoa lipu na matofali ya pembeni, na gharama hiyo haimo kwenye bei uliyopewa. Ulimuuliza huyo fundi wa aluminiamu?

Mbu tutawazuia kwa fremu nyepesi za wavu upande wa ndani, kwa sababu mabawa yanafungukia nje. Kila wavu uwe na bawaba zake ili nifikie komeo.

La jikoni ndilo limekwisha. Mchwa waliingia kupitia ukutani wakala fremu kwa ndani, ukiigonga inalia utupu. Nadhani ile fremu haikuwa kiini kama nyingine. Hapo weka aluminiamu, sina neno, na vile vioo vyake vizima tutavitumia chumba cha mbele ambako viwili vina ufa.

Kuhusu hela, usitume zote. Tuma kwanza za dirisha la chumba chako, ufundi, gundi, msasa na rangi ya mafuta. Fundi amekubali kulipwa dirisha kwa dirisha. Likikamilika, nitampa jirani apige picha za pembe ya chini, kizingiti na vichwa vya mbao nikutumie uone mwenyewe. Ukiridhika, anaendelea na mengine, na nyumba iwe imefungwa vizuri kabla ya Novemba. La jikoni mpatane bei wewe na fundi wa aluminiamu, ila vipimo asivichukue kwa simu. Aje apime.

Nisalimie mwenzako na watoto.

Mama yako