Uvimbe wa pua wenye unywele usitumbuliwe

Dada wa Mafinga, huyo mdogo wako wa miaka 26 mwenye kiuvimbe mgongoni mwa pua tangu utotoni, kinachotoa usaha mara kwa mara, msimpeleke kutumbuliwa zahanati. Umesema kuna kitundu kama cha sindano na unywele mmoja unachomoza. Hiyo si chunusi. Dalili hiyo inaelekeza kwenye demoidi, yaani kifuko cha ngozi iliyonasa ndani alipokuwa tumboni mwa mama, na unywele huo ndio unaoitofautisha na vivimbe vingine.

Shida ni kwamba kitundu kinaweza kuwa mdomo wa mfereji mwembamba unaopita chini ya mfupa wa pua, na kwa baadhi ya watu unafika hadi kwenye utando wa ubongo. Ukichokoa au kuvuta maji kwa sindano kabla ya picha, unaweza kupeleka wadudu ndani wakaleta homa ya uti wa mgongo. Anzeni hospitali ya mkoa Iringa, ombeni rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, hata ikibidi Mbeya. Picha ni CT (eksirei ya kompyuta) ya vipande vyembamba, milimita 1 hivi, kuona mfupa, na MRI (picha ya sumaku) kuona kama mfereji umegusa ubongo.

Kama sasa pamevimba na pana joto, antibayotiki kwanza, upasuaji baadaye. Tiba yenyewe ni kukitoa kifuko chote pamoja na mfereji wake. Kikibaki kipande, kinarudi.

Akipata homa, kichwa kikali na shingo kukakamaa, mpelekeni usiku huohuo.